Bomba Lenye Utepe

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana sababu ya kusema uongo, kwa kuwa aliyeshika wembe hana haja ya kumdanganya aliyekaa kitini. Nasema hivyo mapema ili ujue kwamba haya ninayoyaeleza kuhusu Jamhuri yetu Tulivu nayaeleza kwa mapenzi. Sina kinyongo na serikali. Serikali huwa na kinyongo nami mara mojamoja, lakini hayo ni mambo ya kawaida katika familia.

Kusini kabisa mwa Jamhuri kuna miji miwili, Kisiwi na Mtambani, inayotazamana kutoka kingo mbili za mto mmoja. Kuna daraja, na daraja linapoishia upande wetu wa Kisiwi kuna kiwanja cha mpira. Hakuna mkubwa aliyetujengea. Tulikisawazisha wenyewe kwa majembe, tukazungushia ukuta wa matofali ya udongo, tukasimamisha milingoti ya msaji. Siku ya mechi mabenchi huazimwa kanisani na mikeka msikitini, na ikinyesha mvua sote hulowa bila kubaguana.

Mila yetu ya mpira ni moja tu: anayefungwa anapika. Kwa kuwa hakuna ajuaye nani atafungwa, wapishi wa miji yote miwili huwasha moto kabla ya mechi kuanza. Kipenga cha mwisho kikilia, walioshinda wanazima moto wao na kukaa mkekani kusubiri. Walioshindwa wanaendelea kukoroga, wanapakua, wanakaribisha. Ndiyo maana kwetu hatupigani kwa sababu ya mpira. Ni vigumu kumpiga ngumi mtu ambaye pilau yake bado iko kinywani mwako.

Mpishi mkuu wa Kisiwi ni Bi Arafa. Jiko lake liko nyuma ya ukuta, ambako moshi hauwaingii watazamaji machoni. Na mwanawe wa pekee, Mbaruku, ndiye aliyekuwa kipa wa timu yetu ya vijana. Kijana yule alikuwa akiupokea mpira kama mtu anayepokea kichanga kutoka kwa mkunga: taratibu, kwa mikono miwili, na akishaupokea hautoki. Mji mzima umeona. Asiyeona ni mama yake. Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta na upawa mkononi, akimfuatilia mwanawe kwa masikio. Watu wakipiga kelele fupi, anajua kadaka. Kelele ikiwa ndefu na ya huzuni, anaongeza kuni.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri, timu mbili zilizoingia fainali ya Kombe la Vijana zilikuwa Kisiwi na Mtambani. Miji ililewa bila pombe. Bi Arafa akaja mpaka kwenye saluni yangu, akasimama mlangoni, akatangaza mbele ya wateja:

"Safari hii sipiki. Sufuria nimempa Bi Mgeni. Mwanangu mwakani anavuka umri wa vijana, anakwenda zake bandarini kutafuta kazi. Nataka nimwone akidaka hata mara moja, nimekaa kitako kama watu."

"Hata tukifungwa, Bi Arafa?" nikamchokoza.

"Mkifungwa mtakula mikate. Mwaka huu mimi ni mtazamaji."

Tukacheka. Tukamtengea nafasi kwenye benchi la mbele, nyuma ya goli. Benchi hilo lilipakwa rangi ya kijani, rangi ikakauka, na hakuna aliyelikalia.

Wiki ileile akashuka kwetu Bwana Liberati, Mkuu wa Itifaki katika Wizara ya Vijana na Furaha. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye leso nyeupe kwenye mfuko wa juu na mkasi mdogo wa dhahabu umening'inia kiunoni, kwenye ala yake. Tulikusanyika kiwanjani kumsikiliza.

"Ndugu wananchi wapenda michezo," alisema, "Wizara, baada ya kutafakari kwa kina, na baada ya kutafakari tena kwa upana, imeona hamstahili kuchezea fainali yenu mahali padogo kama hapa. Fainali itachezwa katika Uwanja wa Kisasa wa Mlowezi."

Mlowezi iko mwisho mwingine wa Jamhuri. Baada yake ni nchi ya watu wengine. Kuna nyumba za kuhesabika, mbuzi, na jua. Lakini ndiko kilikozikwa kitovu cha Mheshimiwa Waziri wa Vijana na Furaha, na kitovu cha mtu mkubwa kina mizizi mirefu.

Mzee Kitwana, kiongozi wa mashabiki wa Mtambani, alinyoosha mkono. "Samahani, Bwana Mkubwa. Timu zote mbili ni za hapa. Mashabiki wote ni wa hapa. Huko Mlowezi nani atakayetazama?"

"Hilo ndilo tatizo lenu, mzee wangu," Bwana Liberati akajibu kwa upole. "Hapa kila mtu ana upande. Fainali inataka uwanja usio na upande. Tumefanya utafiti Mlowezi. Hakuna hata mmoja anayejali nani atashinda."

"Na sisi tutafikaje?"

"Hakuna aliyesema mfike. Mmeruhusiwa kufika. Ruhusa ni kitu kikubwa, mzee. Zipo nchi hawana."

Tulizomea. Nakiri tulizomea mpaka ndege wakahama milingoti. Watu walilia pia, wanaume wazima, maana tulikuwa tumesubiri fainali hii tangu baba zetu. Kesho yake Redio ya Jamhuri ikatangaza kwamba mashabiki wa kusini wameipokea habari hiyo kwa sauti kubwa. Huwezi kuilaumu redio, haikusema uongo.

Nilimwendea Bi Arafa kumpa pole. Nilimkuta akipanga maandazi ndani ya bakuli na kulifunga kwa kitambaa.

"Unakwenda?" nikashangaa. "Bi Arafa, Mlowezi ni mbali."

"Ule ukuta ulikuwa mbali zaidi," akasema.

Kabla sijakufikisha Mlowezi inabidi nikueleze kidogo kuhusu uzinduzi, maana huenda kwenu hamna bahati hiyo. Katika Jamhuri yetu kitu hakianzi kuwapo siku kinapokwisha kujengwa. Kinaanza kuwapo siku mgeni rasmi anapokata utepe. Kabla ya hapo kinaonekana tu. Daraja letu lilimalizika wakati wa masika, likakaa na utepe mpaka kiangazi, na sisi tukaendelea kuvuka kwa mtumbwi chini yake, tukiinua macho kulisifu. Hapa Kisiwi mkunga mmoja alimzalisha mwanamke katika wodi mpya kabla ya utepe kukatwa. Mkunga alihamishiwa gereza la wanawake kama mpishi, na mtoto akaandikwa kuwa hajazaliwa. Alizaliwa rasmi akiwa na meno mawili, siku Mheshimiwa alipopata nafasi. Tunamwita Utepe. Ni mtoto mwerevu sana, ila ana haraka.

Basi tukaenda Mlowezi. Wizara iliwapeleka wachezaji kwa lori la serikali. Sisi tulikwenda na malori ya chumvi, Kisiwi na Mtambani tumechanganyika juu ya magunia, tukiimba nyimbo za kutukanana mpaka koo zikakauka. Bi Arafa alikaa katikati na kitambaa chake cha maandazi. Alikuwa akiwauliza vijana maana ya kona na maana ya kuotea, kama mwanafunzi kabla ya mtihani. Sijamwona mtu mwenye furaha kama ile.

Uwanja wa Mlowezi ni mzuri, asikudanganye mtu. Kuna jukwaa la wageni waheshimiwa lenye viti vya kuzunguka na viyoyozi. Kuna sanamu ya Mheshimiwa Waziri akipiga mpira kwa kichwa, ingawa inasemekana hajawahi. Nyasi zilikuwa za plastiki, zimetandikwa juu ya mawe, na jua lilipozipata zikatoa harufu ya ndoo iliyosahauliwa jikoni. Juu ya lango kulikuwa na bango: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Na kila kitu kilikuwa na utepe. Majukwaa yalikuwa na utepe, kwa hiyo hakuna aliyekaa. Vyoo vilikuwa na utepe. Gari la wagonjwa, jipya kabisa, lilikuwa limefungwa utepe mwekundu kuanzia taa mpaka taa, kama zawadi ya harusi. Pembeni mwa uwanja, karibu na goli la mashariki, kulikuwa na bomba la maji linalong'aa, nalo shingoni limefungwa utepe wenye ua. Chumba kimoja tu kilikuwa kimekwisha kuzinduliwa, mwaka uliotangulia, nacho ni mahabusu.

Mashabiki tulisimamishwa nyuma ya uzio wa waya. Vijana wetu walikuwa wamepangwa mstari mmoja katikati ya uwanja tangu asubuhi, Kisiwi na Mtambani bega kwa bega, wakimsubiri mgeni rasmi awape mkono, kwa maana mpira hauwezi kuanza kabla ya kupewa mkono. Wizara ilikuwa imewavalisha makoti ya michezo yenye rangi za Jamhuri, mazito, yenye manyoya kwa ndani. Nadhani yalishonwa na watu wa nchi ya theluji. Bwana Liberati alipita mbele yao akifunga zipu mpaka shingoni.

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita, nasi tukaambiwa yuko njiani. Adhuhuri tukaambiwa yuko njiani, na kwamba njia ni ndefu kwa sababu kila kijiji kinampenda. Kivuli cha sanamu kilikuwa ndicho kivuli pekee, nacho kilikuwa kimezungushiwa kamba.

Bi Arafa alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. "Yule wa mwisho ndiye wangu," akamwambia kila aliyekuwa karibu. "Yule mrefu. Mnamwona alivyosimama?"

Tulimwona. Mimi nilimwona akiyumba.

Shaweji, nahodha wa Mtambani, alikuwa jirani yake mstarini. Sauti yake ilitufikia hadi kwenye waya. "Bwana Mkubwa, mwenzetu anaanguka."

"Asianguke," Bwana Liberati akasema. "Mheshimiwa yuko njiani."

"Basi apewe maji."

"Maji yapo. Si mnaliona bomba? Subirini lizinduliwe, mtakunywa mpaka mchoke. Subira yavuta heri, kijana."

Bi Arafa alilala chini, akainua waya, akapita tumbo chini kama kuku anayepita chini ya banda. Aliyemshika nguo nadhani alikuwa Mzee Kitwana, naye akaiachia. Aliliendea bomba. Aliuvuta utepe, haukukatika, akauuma. Tulisikia wote. Utepe una sauti ndogo sana unapokatika, huwezi kuamini kwamba ni sauti ya kosa. Maji yakatoka, ya kwanza katika historia ya uwanja ule. Akajaza bakuli alilobebea maandazi, akaanza kukimbia juu ya ile plastiki.

Askari walimpata karibu kabisa na mstari. Bakuli lilianguka. Angenyoosha mkono angemgusa mwanawe.

Mbaruku alimtazama, midomo imekauka, macho yanatafuta. Halafu akatabasamu.

"Mama, umekuja," akasema. "Kaa basi utazame. Sasa hivi tunaanza."

Askari wakamchukua Bi Arafa. Kosa lake likatajwa kwa kipaza sauti: kuzindua bila mamlaka. Wakamfungia katika kile chumba kimoja kilichokuwa tayari. Bwana Liberati mwenyewe alilifunga bomba, akalikausha kwa leso yake nyeupe ili lisionekane limetumika, akafunga utepe upya na kuuweka ua sawa. Kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu mkubwa. Nadhani hata mama yake angejivuna.

Alipogeuka, Mbaruku alikuwa chini.

"Mwinueni," akasema. "Safu haiwezi kuwa na pengo. Picha zitatazamwa mpaka Ikulu."

Shaweji akampitisha mkono kwapani upande mmoja, beki wetu wa kati upande mwingine, wakamsimamisha. Mikononi mwa adui yake wa miaka yote, kipa wetu alisimama wima. Sisi tulipiga kelele nyuma ya waya. Tulipiga kelele kwelikweli, na baadhi yetu tulianza kuupanda uzio, lakini bendi ya polisi ikaanza kupiga wimbo wa taifa, na wimbo wa taifa ukipigwa raia hatikisiki. Ndivyo tulivyolelewa. Tulisimama juu ya uzio, mikono kifuani, tukauimba mpaka ubeti wa mwisho, na wimbo wetu ni mrefu.

Wimbo ulikuwa wa kumpokea Mheshimiwa. Alikuwa amefika.

Alipita mstarini akitoa mkono, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake. Kila kijana alipata neno. Alipofika mwisho aliushika mkono wa Mbaruku kwa muda mrefu kuliko mikono mingine.

"Huyu ndiye kipa?" aliuliza. "Naona. Mtulivu. Kipa anatakiwa awe mtulivu, asiwe na papara." Akampigapiga begani, na kichwa cha Mbaruku kikaitikia.

Picha hiyo ipo. Imebandikwa wizarani, nimesikia.

Kisha akazindua. Alizindua majukwaa, watu wakakaa. Alizindua vyoo. Alizindua bomba, akanywa maji kwenye bilauri ya kioo, akasema ni matamu, tukaambiwa tupige makofi. Mwisho alizindua gari la wagonjwa. Bwana Liberati akamnong'oneza jambo, Mheshimiwa akatazama saa, akatikisa kichwa kukubali. Mbaruku akapakiwa.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akasema kwenye kipaza sauti, kwa furaha ambayo sidhani ilikuwa ya kuigiza. "Hii ndiyo maana ya serikali inayofanya kazi. Tumezindua, na papo hapo tumepata mgonjwa!"

Gari likazunguka uwanja mara moja kwa ajili ya wapiga picha, king'ora kikilia, kabla ya kutoka. Daktari aliyelipokea hakuwa na la kufanya. Baadaye Wizara ilitoa taarifa kwamba kijana alifika Mlowezi akiwa hai na akaondoka Mlowezi katika gari la kisasa, na kwamba kati ya mambo hayo mawili Wizara haikuona kasoro.

Mpira haukuchezwa. Hotuba zilipokwisha, jua nalo lilikuwa linakwisha, na taa za uwanja zilikuwa zimetengewa sherehe nyingine. Redio ikatangaza kwamba fainali imefana, na kwamba mshindi halisi ni uwanja. Kombe lilibaki Mlowezi, kwenye kabati ya kioo.

Bi Arafa alitolewa mahabusu kwa huruma ya Mheshimiwa, kwa sharti moja tu, kwamba ashukuru. Akashukuru. Alipiga magoti kidogo, kama mwanamke aliyelelewa vizuri, akasema ahsante, Mungu akuzidishie. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Mzee Kitwana ndiye aliyekuja kumwambia, na hapo sitaeleza.

Tulirudi na malori yaleyale. Hakuna aliyeimba.

Tulimzika Mbaruku Kisiwi, na watu wa Mtambani walilivuka daraja wote, hata vikongwe. Tulipotoka makaburini, tukaelekea kiwanjani bila mtu kumwambia mtu, miguu ikatupeleka. Hapo ndipo nilipouona moshi. Nyuma ya ukuta, upande wetu, moto ulikuwa umewashwa. Upande wa Mtambani pia, sufuria ziliteremshwa vichwani, kuni zikapangwa. Tulitazamana. Kwa mila yetu moto mmoja ulipaswa kuzimwa. Hakuna aliyeuzima. Safari hii miji yote miwili ilipika.

Bi Arafa alikuwa penye sufuria yake. Wanawake walikuwa wakimvuta aende kukaa ndani, na yeye aling'ang'ania upawa.

"Niacheni nipike," alisema. "Miaka yote nimepika, nimemsikia. Mara moja sikupika nikaenda kumwona, na nimemwona amesimama tu." Akageuka, akawatazama wale vijana wa timu mbili waliosimama pamoja wasijue pa kuweka mikono yao. "Nyinyi mlicheza naye. Hebu niambieni. Alikuwa anadakaje?"

Shaweji, nahodha wa Mtambani, ambaye Mbaruku alimnyima magoli kuliko mtu yeyote duniani, akavua viatu. Aliingia kiwanjani kwa mlango wa ukutani, akaenda golini, akasimama katikati ya milingoti ya msaji. Beki wetu akatenga mpira.

"Alikuwa anasimama hivi, mama," Shaweji akasema. "Halafu haangalii mguu wako. Anakuangalia usoni."

Beki akapiga. Shaweji akaruka upande, akaupokea kwa mikono miwili, taratibu, akaanguka nao vumbini na kuukumbatia kifuani.

"Hapana," mmoja wa vijana wetu akasema huku akilia. "Alikuwa harushi miguu namna hiyo. Ngoja nimwonyeshe mimi."

Wakaonyeshana, mmoja baada ya mwingine, wakikosoana. Bi Arafa alitoka nyuma ya ukuta, upawa bado mkononi. Alilipita lile benchi la kijani, akarudi, akakaa. Akatazama.

Nyuma yetu pilau ilikuwa inaungua, harufu imejaa kiwanja kizima. Hakuna aliyekwenda kuiepua.